Barua Imesomwa, Lakini na Nani? Maswali Yenu Kuhusu Barua Pepe

Barua za toleo hili zimetoka Kakamega, Bungoma, Nakuru, Kisumu, Maseno na Busia, na karibu zote zinazunguka jambo moja: barua pepe iliyokwisha kusomwa inarudi kuwa mpya, au ile ambayo hujaiona inaonekana umeisoma. Kabla ya kujibu, hili lieleweke. Kompyuta haijui kama umesoma. Inachojua ni kwamba barua ilifunguliwa kwenye skrini, au mtu alibonyeza kitufe, basi ikatia alama. Alama hiyo lazima ikae mahali: kwenye seva ya barua (kompyuta ya mbali inayozihifadhi), kwenye faili ndani ya kompyuta yako, au hata kwenye jina la faili. Ukijua imekaa wapi na nani mwingine anaweza kuigusa, umeshapata nusu ya dawa.

SWALI: Hamjambo wahariri? Mimi ni karani wa shule ya upili huku Kakamega. Barua za shule nikizisoma kwenye kompyuta ya ofisi, jioni kwenye simu nazikuta zote zimekolezwa kama mpya. Nikizisoma kwenye simu, kesho yake kompyuta haina habari. Halafu simu haina barua za muhula uliopita, ilhali kompyuta inazo zote. Kwenye kompyuta tunatumia programu ya barua iitwayo Thunderbird. Je, ni intaneti yetu?

JIBU: Hatujambo, dada. Intaneti haina kosa. Dalili zote tatu ulizotaja zinaonyesha kwamba kompyuta yako inachota barua kwa POP, njia ya kuzishusha kwenye kifaa, na simu inatumia IMAP, njia ya kuzisoma zikiwa zimebaki kwenye seva. Thibitisha hivi: kwenye Thunderbird fungua mipangilio ya akaunti, ingia sehemu ya "Server Settings", soma mstari wa juu kabisa. Ukiona "POP Mail Server" na mlango namba 995 au 110, ndiyo hiyo. IMAP hutumia 993 au 143.

POP, kwa toleo linalotumika hadi leo ambalo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1996, inajua mambo machache sana. Programu inaingia kwa jina na nywila, inauliza kuna barua ngapi, inazichota, na ikitaka inazifuta. Hakuna hata amri moja ya kuiambia seva kwamba hii imesomwa. Kwa hiyo alama unayoiona kwenye kompyuta ya ofisi inaishi ndani ya kompyuta hiyo peke yake. Simu haiwezi kuijua, na kompyuta haina njia ya kuuliza simu imesoma nini.

Barua za muhula uliopita nazo zina maelezo yake. Ukifungua akaunti ya POP, mara nyingi programu huja imewekwa kuacha nakala kwenye seva kwa siku 14, kisha inazifuta. Zilizopita muda huo zimebaki kwenye diski ya kompyuta ya shule tu. Diski hiyo ikiharibika, hazipo tena duniani. Hili ndilo lingetukosesha usingizi kuliko suala la rangi ya wino.

Hamia IMAP, ila kwa utaratibu. Thunderbird haibadilishi akaunti ya POP ikawa ya IMAP. Inabidi uongeze akaunti mpya kwa anwani ile ile.

Kwanza funga mlango wa POP: kwenye "Server Settings" ya akaunti ya zamani ondoa tiki kwenye kuangalia barua programu inapowashwa, na kwenye kuangalia kila baada ya dakika kadhaa. Usipofanya hivyo, itaendelea kufuta barua kwenye seva ukiwa katikati ya kazi. Pili, nakili folda nzima ya Thunderbird, ile inayoitwa profaili, kwenye flashi au diski ya nje. Utaipata kwenye menyu ya msaada, chini ya "Troubleshooting Information", mbele ya maneno "Profile Folder". Funga programu kabla ya kunakili.

Sasa ongeza akaunti mpya na uchague IMAP. Barua zilizoko kwenye seva zitaonekana. Kisha rudi kwenye akaunti ya zamani, chagua barua za zamani mia mbili au tatu, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kunakili (si kuhamisha), na uzipeleke kwenye folda ya akaunti mpya. Zinapopanda kwenye seva hubeba alama zao, kwa hiyo zilizosomwa zitafika zikiwa zimesomwa. Hesabu kila fungu kabla ya kuanza jingine. Ukizituma zote kwa mpigo na laini ikakatika njiani, hutajua zipi zimefika na utaishia na nakala mbilimbili.

Mambo mawili ya kupima kabla. Uliza aliyewauzia huduma ya barua pepe mna nafasi kiasi gani kwenye seva. Akaunti ya bure ya Gmail ina GB 15 kwa jumla, lakini anwani yenye jina la shule inaweza kuwa na nafasi ndogo zaidi. Na kumbuka unapandisha, hushushi: GB 2 za barua zenye picha na fomu zitakula bando la GB 2 na ushei.

Ukimaliza, tia alama barua moja kwenye kompyuta na uangalie simu. Isipobadilika papo hapo usishtuke. Seva nyingi huwapasha habari wateja waliounganishwa mara moja, lakini simu inayobana betri hungoja dakika 15 au zaidi kabla ya kuuliza. Na ukisoma bando likiwa limekwisha, simu huiweka alama kwenye foleni, ikaipeleka siku mtandao ukirudi. Ukiondoa akaunti kwenye simu kabla foleni haijapelekwa, alama hizo zimepotea.

Kwa maoni yetu, ofisi yenye zaidi ya kifaa kimoja haina sababu ya kutumia POP.

SWALI: Salamu kutoka Bungoma. Chama chetu cha ushirika kina anwani moja ya barua pepe, na sisi maafisa watatu tunaitumia kwa nywila moja. Mwezi huu tulikosa kujibu zabuni kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshughulikia. Barua ilikuwa imesomwa lakini hakuna anayekiri kuifungua! Je, tunaweza kujua ni nani?

JIBU: Kwa alama ya kusomwa, hapana. Kwenye IMAP, seva huweka kwa kila barua alama chache: imesomwa, imejibiwa, imewekewa nyota, imefutwa, ni rasimu. Hakuna palipoandikwa jina la aliyeziweka wala saa aliyoziweka. Ninyi watatu mkiingia kwa nywila moja, seva inaona mtu mmoja. Yeyote atakayeigusa barua anaizimia wenzake wino wote.

Tena msimlaumu mtu haraka, maana huenda hakuna aliyeisoma. Programu nyingi za kompyuta zina kidirisha cha kuonjesha barua kando ya orodha. Afisa akifuta barua iliyo juu, mshale unaangukia inayofuata, kidirisha kinaionyesha, na alama inawekwa yeye akiwa ameshaondoka kwenda kunywa chai. Outlook ya kompyuta, ile ya zamani, kwa kawaida huja imewekwa kutia alama pale tu unapotoka kwenye barua kwenda nyingine.

Kwa hiyo anzeni na kidirisha. Kwenye Thunderbird nendeni kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, chini ya "Reading & Display", na mzime kabisa kutia alama kwa kujiendesha, au muweke isubiri sekunde kadhaa. Kwenye Outlook ni File, Options, Mail, kisha kitufe cha "Reading Pane". Mkishazima, mtatia alama kwa mkono: herufi M kwenye Thunderbird hugeuza alama huku na huku, kwenye Outlook ni Ctrl+Q kwa kusomwa na Ctrl+U kwa kuirudisha.

La pili ni la kazi, si la kompyuta. Hatupendi kuona ofisi ikitumia "haijasomwa" kama orodha ya kazi zilizobaki. Ni alama dhaifu mno: kidole kimoja kikiteleza, imefutika. Fungueni folda tatu kwenye akaunti hiyo ya pamoja, kila moja kwa jina la cheo: ya katibu, ya mhazini, ya meneja. Anayefungua barua kwanza anaihamishia kwenye folda ya anayehusika kabla ya kuifunga. Inayobaki kwenye kikasha bado haina mwenyewe, iwe imekolezwa au haijakolezwa.

Mkitaka kila mtu awe na alama zake, lazima kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Njia nyepesi ni kumwomba msimamizi wa seva aelekeze barua za anwani ya chama kwenye vikasha vya maafisa watatu, kila mmoja apate nakala yake. Njia nyingine ni folda ya pamoja inayofunguliwa kwa akaunti tofauti: seva ya Cyrus huweka alama ya kusomwa kwa kila mtumiaji peke yake, na ile ya Dovecot inaweza ikipangwa hivyo. Lakini usidhani kila huduma iko hivyo. Kwenye kikasha cha pamoja cha Exchange, seva ya Microsoft, mfano, mmoja akisoma imesomwa kwa wote. Na mkiwa na majina tofauti, seva itakuwa na kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi, jambo ambalo kwa nywila moja halina maana yoyote.

SWALI: Nina duka la pembejeo Nakuru. Stima ilikatika Thunderbird ikiwa wazi. Tangu hapo Inbox inaandika 7 zisizosomwa, nami nikitafuta sioni hata moja. Kijana mmoja wa saiba ameniambia niingie kwenye folda ya programu nifute faili zote zinazoitwa Inbox, zitajitengeneza upya. Nimeogopa. Afadhali niwaulize.

JIBU: Umefanya vyema kuogopa, ndugu. Usifute!

Kwa mpangilio wa kawaida wa Thunderbird, kila folda ina faili mbili. Moja inaitwa Inbox bila kiambishi chochote mwishoni: hiyo ndiyo barua zenyewe, zimepangwa mfululizo kwenye faili moja refu. Ya pili ni Inbox.msf, nayo ni faharasa tu: nani ameandika, kichwa cha habari, tarehe, imesomwa au la, na hesabu ya zisizosomwa. Orodha unayoiona kwenye skrini na ile namba 7 vinatoka kwenye faharasa, kwa sababu kupekua faili zima la barua kila mara kungechukua muda. Stima ilipokatika, hesabu ilikuwa imeandikwa na orodha haijaandikwa, au kinyume chake. Sasa haziafikiani.

Dawa ni kuamuru faharasa ijengwe upya. Bofya kulia kwenye jina la folda, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Kwa barua elfu chache ni suala la sekunde. Kwa folda kubwa subiri, usifunge programu. Kama akaunti yako ni ya IMAP, alama zitaletwa tena kutoka kwenye seva. Kama ni ya POP, zitasomwa kutoka ndani ya faili la barua, ambako Thunderbird huandika mstari mdogo juu ya kila barua:

X-Mozilla-Status: 0001

Ile 1 ndiyo "imesomwa". Kujibiwa ni 2, nyota ni 4, kufutwa ni 8, na zinajumlishwa: ukikuta 0003 barua imesomwa na kujibiwa, 0005 imesomwa na ina nyota. Zimewekwa tarakimu nne daima ili programu iweze kuandika juu ya zile zilizopo bila kusukuma faili zima mbele. Barua yenye 8 bado imo ndani ya faili hadi folda ishindiliwe, yaani zilizofutwa ziondolewe kabisa, ndiyo sababu faili la Inbox linaweza kuwa kubwa ingawa umefuta mengi.

Ikiwa marekebisho hayo yamegoma, funga Thunderbird kabisa, ingia kwenye folda ya profaili, na ufute faili lenye .msf pekee. Windows huweza kuficha viambishi vya majina, kwa hiyo washa kwanza uonyeshaji wa viambishi, na kama bado una shaka tazama ukubwa: faili la barua huwa ndilo kubwa kwa mbali. Nakala kwenye flashi kwanza, kama kawaida. Utakachopoteza ni mpangilio wa safu za orodha na mengine madogo ya namna hiyo.

Kuna tatizo la jamaa yake ambalo wenye maduka mjini Nakuru mnaliuliza sana: mmehamia kwa mwenye seva mwingine, na asubuhi barua maelfu zimeingia upya zote hazijasomwa. Hiyo ni POP tena. Programu hutambua barua iliyokwisha kuchotwa kwa namba ya utambulisho inayotolewa na seva, na Thunderbird huziandika kwenye faili la popstate.dat. Seva mpya ikitoa namba mpya, programu haina namna ya kujua ni barua zile zile. Kabla ya kuhama, mwambie fundi ahamishe kwa zana ya IMAP inayobeba alama, kama imapsync. Kama maji yameshamwagika, bonyeza herufi C kwenye Thunderbird uchague tarehe, na zote za kipindi hicho zitatiwa alama kwa pamoja.

SWALI: Gmail yangu inaandika 1 kwa wiki nzima sasa na siioni hiyo barua. Niko Kondele, Kisumu, natumia simu tu. Inanikera!

JIBU: Andika kwenye kisanduku cha kutafuta: in:inbox is:unread. Itajitokeza, hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita au imejificha kwenye kichupo cha matangazo. Isipoonekana ondoa in:inbox, kwa sababu barua iliyowekwa kwenye kumbukumbu haimo kikashani ila bado inaweza kuwa haijasomwa.

Mara nyingi ni mazungumzo marefu. Gmail hukunja majibu ya mada moja pamoja, na moja tu likiwa halijasomwa katikati, mazungumzo yote yanakolezwa. Gusa mazungumzo, tia alama kuwa hayajasomwa, kisha tia alama kuwa yamesomwa. Zote za ndani zitafuata. Hii pia ndiyo sababu Gmail ikakuambia 1 na programu nyingine ya barua kwenye simu hiyo hiyo ikakuambia 3: Gmail inahesabu mazungumzo, ile nyingine inahesabu barua moja moja. Zote zinasema kweli.

Kama una maelfu, usijitese kwenye simu. Ingia saiba, fungua Gmail kwenye kivinjari, tafuta is:unread older_than:1y, weka tiki kwenye kisanduku cha juu. Hapo utakuwa umechagua ukurasa mmoja tu, kwa kawaida 50. Juu ya orodha patatokea mstari wa kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na utafutaji. Bofya huo, kisha tia alama kuwa yamesomwa. Usisahau kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya habari, Maseno. Nimeandika skripti ya Python ya kusoma barua za risiti za klabu yetu kwa maktaba ya imaplib na kuzijumlisha. Inafanya kazi, lakini kila ikimaliza, barua zote zinaonekana zimesomwa na mhazini analalamika. Pia ningependa kujua alama yenyewe inakaa wapi kwenye seva ya Linux.

JIBU: Bila shaka umeandika fetch(n, '(RFC822)'). Kwa kanuni za IMAP, kuomba mwili wa barua kwa RFC822 au BODY[] kunaiamuru seva itie alama ya \Seen (imesomwa) papo hapo. Badilisha iwe '(BODY.PEEK[])', ambayo huleta maneno yale yale bila kugusa alama. Na kwa usalama zaidi fungua kikasha kwa kusoma tu: M.select('INBOX', readonly=True). Hapo hata ukikosea amri, seva haitabadilisha kitu. Programu za simu hutumia mbinu hii ya PEEK kukuletea kionjo cha barua kwenye arifa bila kuizima.

Siku ukitaka kutia alama kwa makusudi, mazungumzo na seva huwa hivi:

a3 STORE 41 +FLAGS (\Seen)
* 41 FETCH (FLAGS (\Seen))
a3 OK

Kuondoa ni -FLAGS, na kutafuta zisizosomwa ni SEARCH UNSEEN. Angalia lakini hiyo 41. Ni nafasi ya barua kwenye foleni, na barua ya 12 ikifutwa kabisa, 41 inakuwa 40. Skripti inayokumbuka namba hizo kutoka jana itatia alama barua isiyo yake. Tumia UID, namba ya kudumu ya barua, yaani M.uid('fetch', ...), na uhifadhi pamoja nayo thamani ya UIDVALIDITY ya folda. Thamani hiyo ikibadilika, seva inakuambia UID zote ulizoweka hazifai tena. Tupa ulichohifadhi uanze upya.

Kwenye diski inategemea seva. Ukiwa na Maildir, muundo uliobuniwa na Daniel J. Bernstein kwa ajili ya seva ya barua ya qmail, kila barua ni faili lake, na alama iko kwenye jina la faili:

cur/1749537021.M318442P20517.barua,S=4821,W=4930:2,RS

Tarakimu za mwanzo ni sekunde tangu Januari 1, 1970. Hizi ukizigeuza unapata Juni 10, 2025, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za Kenya. S=4821 ni ukubwa kwa baiti. Kinachokuhusu ni baada ya :2, ambako S ni imesomwa, R imejibiwa, F ina bendera, T inangoja kufutwa, D ni rasimu, P imepelekwa kwa mwingine. Herufi hupangwa kwa alfabeti. Kutia alama ni kubadilisha jina la faili basi. Ndani ya barua hakuguswi hata herufi moja. Uzuri wake ni kwamba stima ikikatika, jina ama limebadilika ama halijabadilika, hakuna nusu.

Wengi hukosea kwenye folda ndogo za tmp, new na cur. Faili lililoko new ni barua ambayo hakuna programu iliyowahi kuiona. Programu ikiorodhesha kikasha tu, faili huhamia cur, hata kama mwenyewe hajaifungua. Kwa hiyo kuhesabu mafaili ya new hakukupi zisizosomwa. Hesabu yaliyo new, uongeze yale ya cur yasiyo na S baada ya :2.

Muundo wa zamani zaidi, mbox, huweka barua zote kwenye faili moja na kuandika mstari Status: RO, R ikiwa imesomwa na O ikiwa si ngeni tena kwa programu. Gmail nayo imegeuza hesabu: haina alama ya "imesomwa", ina lebo ya UNREAD ambayo huondolewa ukisoma. Ukija kwa IMAP inakutafsiria, ukija kwa API yake (njia ya programu kuzungumza na Gmail moja kwa moja) utaiona lebo yenyewe.

SWALI: Nimeomba kazi kwa barua pepe kutoka Busia. Mwajiri akisoma, nitajua? Na mimi nikirudisha barua yake iwe haijasomwa, yeye ataona?

JIBU: La pili kwanza: hataona. Alama ya kusomwa iko kwenye seva ya mpokeaji na haisafiri kwenda kwa mtumaji.

Kuna kitu tofauti, risiti ya kusoma. Mtumaji huomba kwa mstari uitwao Disposition-Notification-To, na programu ya mpokeaji mara nyingi humuuliza kama anakubali kuijibu. Akikataa hupati kitu. Anwani za kawaida za gmail.com hazina huduma hiyo; ziko kwenye akaunti za taasisi tu. Risiti ikishatumwa hairudi, hata barua ikirudishwa kuwa haijasomwa.

Wengine hutumia picha isiyoonekana ndani ya barua, ambayo ikipakuliwa humjulisha mtumaji. Siku hizi haiaminiki. Gmail hupitishia picha kwenye seva zake tangu 2013, na Apple mwaka 2021 ilileta ulinzi ambao, mtumiaji akiuwasha, hupakua picha hizo hata kama barua haijafunguliwa. Utaambiwa amesoma na yeye bado yuko kwenye matatu. Ukitaka kujizuia wewe usifuatwe, kwenye mipangilio ya Gmail chagua kuulizwa kabla ya picha kuonyeshwa. Na kwa kazi uliyoomba, piga simu ofisini baada ya wiki moja uulize kama maombi yamefika.